Kizingiti cha Majengo: Mlango wa Pwani katika Nchi ya Ugogo

Jina la Majengo limetapakaa Afrika Mashariki. Ipo Majengo ya Mombasa, ipo ya Moshi, ipo ya Nairobi ambayo ramani za serikali huiita Pumwani, na ipo ya Dodoma, jirani na soko lenye jina hilo hilo. Mitaa mingi ya bara na ya visiwani imepewa majina ya miti, ya visima au ya watu wakubwa. Hili ni jina la kazi. Linasema kwamba mahali hapa watu walijijengea, aghalabu kwa mikono yao na kwa fedha chache.

Historia ya nyumba ya Mswahili imeandikwa mara nyingi, lakini imeandikwa kwa kuanzia juu. Anayetaka kusoma habari za mlango wa Lamu au wa Mji Mkongwe hakosi vitabu vyenye picha nzuri, Mwalim A. Mwalim aliiandikia milango ya Zanzibar kitabu kizima mwishoni mwa miaka ya 1990, na mji wenyewe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Anayetaka kujua mlango huo ulifanya nini ulipopanda bara, ukafika pasipo msaji wala mvule wala tajiri wa kuulipia, hupata kidogo. Hali huko ndiko ulikofanyiwa mtihani mgumu zaidi. Mwenye nyumba wa Majengo ya Dodoma alitaka kile kile alichokitaka tajiri wa Shangani: mgeni afikapo, kabla hata hajabisha hodi, ajue kwamba amefika kwa watu. Tofauti ni kwamba huyu wa Dodoma alikuwa na mbao za sanduku, debe tupu, ndoo ya udongo na kanga iliyokwisha kufuliwa mara mia.

Ni vyema kukumbuka kwanza mlango wenyewe ulivyo huko ulikotoka. Una miimo miwili na kizingiti cha juu na cha chini; una mbao mbili ziitwazo tarabe; na katikati, mahali mbao hizo zinapokutana, umesimama mfaa, mti mwembamba uliochongwa ambao hufunika ufa na kuzifanya tarabe mbili zionekane kitu kimoja. Nakshi hukaa zaidi juu ya kizingiti, juu ya miimo na juu ya mfaa: mnyororo, yungiyungi, samaki, mawimbi, na katika milango mingi aya au tarehe ya Hijra. Richard Burton, aliyefika Unguja katika miaka ya 1850, aliona kwamba ukubwa wa mlango na uzito wa kufuli lake vilikuwa kipimo cha cheo cha mwenye nyumba, na hakuna aliyempinga katika hilo. Inasimuliwa pia kwamba aghalabu mlango ulisimamishwa kwanza, nyumba ikafuata.

Lakini mlango haukuwa peke yake. Nje yake palikuwa na baraza, na katika nyumba za mawe za Lamu palikuwa na daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande zote mbili, kisha tekani ndani yake, na njia iliyopinda makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Mgeni wa kawaida aliishia barazani, akanywa kahawa yake, akaondoka, wala hakuona kwamba amenyimwa kitu. Pambo la mahali pa kuingilia lilikuwa na kazi hiyo, kumkirimu mtu bila ya kumfungulia nyumba yote. Wanaoutazama mlango kwa uzuri wa nakshi peke yake huiacha nusu ya habari.

Kuhusu njumu za shaba zilizochomoza juu ya baadhi ya tarabe, watembezaji wa wageni hupenda kusema kwamba asili yake ni Bara Hindi, ambako zilizuia tembo wa vitani wasibomoe malango. Huenda ikawa. Katika Shangani hapakupata kutembea tembo wa kubomoa mlango. Mji ambao ungeweza kuleta udhuru huo ni Dodoma, ambao Wagogo husimulia kwamba ulipata jina lake kwa tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia matopeni. Na huko Dodoma ndiko njumu zilikokosekana.

Hazikukosekana kwa sababu shaba haikufika. Njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo kabla ya kuendelea Tabora, ilikuwa mto wa shaba. Watemi wa Ugogo walikuwa na maji na nafaka katika nchi iliyokuwa na uchache wa vyote viwili, nao walitoza hongo kwa kila msafara: nguo, shanga, na masango, yaani waya mnene wa shaba. Burton alilipa katika safari yake ya 1857, Stanley akalipa mwaka 1871, na wafanyabiashara wa pwani walilipa miaka yote, kwa manung'uniko yasiyokwisha. Shaba ile ile ambayo Unguja ilipigiliwa mlangoni, Ugogo ilizungushwa mkononi na mguuni. Mapambo ya Mgogo yalikaa mwilini, katika udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, katika shanga na katika kibuyu cha maziwa; nyumba yake hakuipamba sana, na alikuwa na sababu.

Nyumba hiyo ni tembe. Kuta zake ni fupi, za miti na udongo; paa lake ni bapa, limetandazwa udongo juu ya boriti na fito, na lilifaa sana nchi ambayo mvua yake haizidi sana milimita 570 kwa mwaka na huanguka karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la namna hiyo Unguja lisingemaliza masika moja. Tembe liliuzunguka ua wa ng'ombe, na milango yake ilitazama ndani, kwenye mali. Barabara haikuwa na haja ya kujua kilichomo. Kwa hiyo mlango wa Pwani ulipofika Ugogo ulikutana na nyumba iliyompa mpita njia mgongo. Hapa ndipo penye kiini cha habari, kwani kilichobadilika Dodoma katika karne ya 20 si mbao za mlango. Ni upande ambao nyumba ilielekea.

Mkutano wa kwanza ulifanyika mbele zaidi, Unyanyembe. Waarabu na Waswahili waliolowea Tabora hawakujenga ghorofa za mawe. Walilichukua tembe, wakalipanua, wakaliwekea baraza pana la udongo mbele na mlango mzito. Burton alilieleza baraza hilo kwa kirefu, kwa kuwa ndipo alipokaa kutwa akizungumza. Mbao zilipatikana: miombo ya Unyamwezi ina mninga, mti unaokubali patasi na usiopenda kupinda. Ugogo, iliyo katikati, haikupata hata hilo. Miti yake ni mibuyu, ambayo haitoi ubao, na migunga, ambayo hutoa kuni nzuri na makaa mazuri zaidi.

Reli ndiyo iliyoleta Majengo. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kituo kilichokuwa kijiji kikawa, katika miaka michache, mji wa karani, wa fundi wa karakana, wa mchukuzi, wa mwenye duka na wa askari. Wengi wao walikuwa Waislamu na wasema Kiswahili, ama kwa kuzaliwa ama kwa kuhamia: Wazaramo, Wanyamwezi, Wamanyema, watu wa Mrima. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916. Njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hadi 1920, iliua maelfu katika nchi nzima ya Ugogo na kuwatawanya waliobaki. Mji ulioibuka baada ya msiba huo uligawanywa kama miji mingine ya kikoloni, kwa aina za majengo kwa jina na kwa rangi za watu kwa kweli: Uzunguni, Uhindini, na kule ambako Mwafrika aliruhusiwa kujenga kwa vifaa vya bei ndogo.

Nyumba iliyojengwa huko ndiyo ile ambayo Tanganyika nzima huiita nyumba ya Kiswahili. J. A. K. Leslie, katika uchunguzi wake wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1963, aliieleza vizuri: mlango wa mbele katikati, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kila upande, na mbele kibaraza. Ukumbi umenyooka, njia ya kupinda ya Lamu imeachwa. Badala ya ukuta wa kuzuia jicho likaja pazia. Pazia la mlango wa uani ni tekani iliyofanywa nguo.

Nyumba hii ilielekea barabarani, na hakujengewa mtu mmoja. Mwenyewe hukaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangishwa. Vyumba sita vinaweza kuwa na familia sita, kila moja na dini yake, kabila lake na saa zake za kurudi, na wote hupita mlango mmoja. Pumwani ya Nairobi, iliyoanza katika miaka ya 1920, ilijulikana hata kwa wingi wa wanawake waliomiliki nyumba za namna hiyo na kuishi kwa kodi yake. Basi nani hupamba ukumbi wa watu sita? Katika nyumba ya tajiri wa Mji Mkongwe swali hilo halikuwapo. Mlango ulikuwa wake, na heshima yake. Uswahilini kufagia ukumbi ni zamu, na kuupamba ni hiari. Ndiyo maana anayetandika mkeka mzuri ukumbini huwa amewapa wenzake wote kitu, na anayeuanua kwa hasira huwa amesema neno ambalo nyumba nzima hulisikia.

Vifaa vilitoka relini na dukani. Mafuta ya taa katika zama hizo yalisafirishwa katika masanduku ya mbao, kila sanduku madebe mawili ya galoni nne nne. Yakiisha mafuta, hubaki mbao nyepesi zilizorandwa na bati jembamba linalofunguka likawa karatasi. Miji mingi ya Tanganyika iliezekwa kwa madebe hayo yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Debe lilivaa mlango pia: ubao wa sanduku ndani, bati nje, misumari pembeni. Masikini alipata hivyo mlango uliong'aa, walau kwa miezi michache kabla ya kutu. Sanduku lenyewe, likipigiliwa tena, lilikuwa kigoda, kabati la vyombo, au meza ndogo ya ukumbini ambayo juu yake huwekwa taa.

Adui mkubwa alikuwa mchwa. Reli yenyewe ililazwa juu ya mataruma ya chuma, ambayo mchwa hawayawezi. Mwenye nyumba wa Majengo hakuwa na chuma cha kuchezea. Alichokuwa nacho, na ambacho mafundi wa mitaani wanacho hadi leo, ni mafuta machafu ya mashine. Hupakwa chini ya miimo na chini ya miguu ya kabati, na harufu yake hukaa wiki mbili. Kizingiti cha chini kikiliwa, hukatwa kipande kilichoharibika na kuungwa kingine bila ya kuuvunja mlango. Milango ya namna hiyo ikitazamwa karibu huonekana imekuwa viraka kuanzia gotini kushuka chini.

Rangi nayo ilibadilika ilipopanda bara. Pwani chokaa huchomwa kutokana na matumbawe, na nyumba nyeupe ni nyumba ya mtu safi. Ugogo haina matumbawe. Kuta zilipigwa udongo mwekundu wa papo hapo, ukachujwa, ukasuguliwa kwa kiganja hadi ukawa laini. Sakafu ilisiriwa kwa samadi ya ng'ombe, maarifa ambayo Mgogo hakuhitaji kufundishwa na mtu wa Pwani, bali alimfundisha. Mstari mweusi wa masizi au wa lami hupigwa chini ya ukuta mahali matone ya mvua yanaporukia, na mstari huo, ambao asili yake ni kuficha uchafu, umekuwa pambo lenye kanuni: ukiwa umepinda watu husema. Baadaye ikaja rangi ya mafuta ya kopo, kijani na buluu zaidi, nayo ikabaki kwa ajili ya mlango, kwa sababu kopo moja dogo linatosha mlango na halitoshi ukuta. Mtu mwenye fedha za kopo moja hupaka mlango. Hiyo ndiyo hesabu ya nyumba ya Kiswahili, na ndiyo hiyo hiyo ya Shangani; makopo ndiyo yaliyotofautiana.

Kutoka mlangoni hadi kwenye samani si mbali, kwani samani nzuri ya nyumba hukaa karibu na mlango, ambako huonekana. Hapa Kiswahili kina msamiati ambao unafifia na unastahili kutajwa. Kitanda cha zamani kina matendegu manne, ambayo katika vitanda vizuri yalikerezwa kwa keezo hadi yakawa na shingo na mabega. Mifumbati miwili ni miti ya ubavuni. Vitakizo viwili ni miti ya kichwani na miguuni. Juu ya fremu hiyo huwambwa kamba. Fremu hukaa miaka hamsini, kamba haikai. Kwa hiyo kitanda cha kamba ni samani iliyobuniwa ili ifanywe upya: kinapolegea hukazwa, kinapokatika huwambwa tena, na aliyerithi kitanda cha babu yake huwa amerithi miti, kazi ya kamba akaifanya mwenyewe. Pwani kamba ilikuwa ya usumba, yaani makumbi ya nazi. Dodoma haina minazi. Lakini mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ulikwisha kujaza mashamba kandokando ya reli upande wa Kimamba na Ngerengere, na kamba ya katani ikashika nafasi ya usumba bila ya mtu kuandika habari hiyo popote. Katani ni kali zaidi mgongoni. Ndipo mkeka ukawa lazima, na mkeka wa ukindu ulipatikana, kwa kuwa mkindu huota penye maji hata bara.

Kiti kilikuwa na safari nyingine. Kiti cha enzi cha Lamu na Unguja, cha mpingo na njumu za mfupa au pembe, kilikaa daka la mwungwana na hakikalikiwa na kila mtu. Ugogo kulikuwa na kigoda cha mti mmoja, kilichochongwa bila ya msumari wala gundi, ambacho mzee hukibeba mwenyewe kwenda barazani kwa mwenzake. Kati ya viwili hivyo kikaingia kiti cha fundi selemala wa mjini, chenye mikono na mgongo wa kulala, mara nyingi kilichoigwa kutoka ofisini kwa Bwana Shauri. Kiti hicho ndicho ambacho vizazi vitatu vimekikarabati. Utaratibu wake haukubadilika sana. Kwanza hupigwa msasa, neno ambalo watoto wa leo hudhani maana yake ni karatasi tu. Msasa ni mti, majani yake yamekwaruza mbao za Afrika Mashariki kabla ya karatasi hiyo kufika dukani, nayo karatasi ikarithi jina. Kisha maungio yaliyolegea hutolewa, hukwanguliwa gundi kuukuu na kugongewa kabari nyembamba. Halafu rangi au vanishi. Kitako kikiwa kimekatika hukirejeshwa kwa ukili, kwa ngozi ya ng'ombe iliyokatwa mikanda, na tangu matairi ya magari yaanze kutupwa, kwa mpira. Ngozi ni mchango wa Ugogo. Mpira ni wa barabara ya Morogoro.

Juu ya yote hayo huja kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua, kilichosokotwa kwa sindano ya ndoana na mke au binti wa nyumba. Wasomi wa sanaa hawajakiheshimu. Hufunika mikono ya kiti ambayo vanishi imekwisha, na hufunika meza ambayo zamani ilikuwa sanduku. Anayekicheka na akumbuke mfaa: nao kazi yake ya kwanza ni kufunika ufa.

Wapenzi wa ushairi wana sababu yao ya kuliangalia jambo hili. Neno ubeti linatokana na Kiarabu bayt, ambalo ni nyumba, lile lile lililomo katika Beit al-Ajaib. Na nusu ya mstari wa shairi la Kiarabu huitwa misraa, neno ambalo katika lugha hiyo ni pia ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Wanazuoni wa kale waliona shairi kama nyumba na mstari wake kama mlango wa tarabe. Mshororo wa shairi la Kiswahili wenye mizani 16 umekatika vile vile, nane za ukwapi na nane za utao, na pale katikati, penye ufa, kina cha kati husimama kama mfaa.

Mlango huo wa maneno nao ulipanda bara, na aliyeusimamisha Dodoma ni Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 akafariki 1969. Alikuwa Mgogo na Mkristo, hakulelewa katika chuo cha Pwani wala hakuwa na ukoo wa washairi wa Kiswahili nyuma yake. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Alitunga katika bahari za Pwani kwa vina na mizani kamili, akawa kiongozi katika UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi ambacho jina lake kwa kifupi, labda si kwa bahati, ni neno la ujenzi. Kisha akazikuza ngonjera, mashairi ya kujibizana ambayo baada ya Azimio la Arusha la 1967 yalienea katika shule zote za Tanzania. Wapo waliosema alipaka rangi ya chama juu ya mbao za kale, na katika baadhi ya ngonjera tuhuma hiyo ina ukweli. Lakini fremu ilibaki imara. Alilofanya ndilo lililokuwa likifanywa na mafundi wa mji wake: alichukua umbo lililotoka pwani na gharama zake, akaliwamba kwa kamba iliyopatikana.

Wakati Mnyampala anafariki, tembe nalo lilikuwa limekaribia mwisho. Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma, iliyowahamisha watu wa mkoa huo katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere alikwenda Chamwino na kushiriki kufyatua matofali. Nyumba mpya za matofali zilipangwa kwa mistari, milango ikitazama njia. Yaliyokuwa yameanza Majengo kwa hiari ya wapangaji yakawa sasa amri ya nchi nzima ya Ugogo: nyumba zigeuke. Kilichoachwa nyuma ni ua wa ng'ombe katikati, na wazee wengi hawakuuona kuwa kitu kidogo.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kama CDA. Mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Toronto, ulikusudia mji wa watembea kwa miguu na wa bustani. Ulijengwa polepole. Hati za viwanja zilizotolewa na mamlaka hiyo zilikuwa za miaka 33, na mtu mwenye miaka 33 juu ya ardhi, sembuse mpangaji wa chumba mwenye mwezi mmoja, hafikirii kuchonga mlango wa kumrithisha kitukuu. Hufikiria vitu vinavyokunjika. Pazia, mkeka, busati, kiti, kitambaa cha kufuma, kioo chenye kamba: mapambo yote ya ukumbi wa Uswahilini yanaweza kupakiwa mkokoteni kwa nusu saa. Wanaoyaona kuwa ya kubahatisha hawajaitazama hati.

Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahama kweli, CDA ikavunjwa mwaka 2017, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018. Bei ya viwanja ikapanda. Katika mitaa mipya nyumba imerudi kutazama ndani: ukuta mrefu, geti la chuma, maua ya chuma yaliyochomelewa juu yake kwa ustadi ambao haufai kubezwa, maana fundi wa kuchomelea ndiye mchonga nakshi wa zama hizi. Lakini geti halina baraza. Mgeni husimama juani akingoja kufunguliwa. Tembe lilimpa mpita njia mgongo kwa sababu ya ng'ombe. Geti linafanya hivyo kwa sababu ya gari na runinga.

Visiwani wanaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya bara. Sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ikifanyiwa matengenezo, ikaua watu wawili. Milango mikubwa huhitaji fedha kubwa, wafadhili na wahandisi, na hungoja. Ng'ambo, Ng'ambo ile ile ya Unguja, ina maelfu ya milango midogo ambayo haikungoja mtu: hupakwa rangi kila Ramadhani inapokaribia, wenyewe wakinunua kopo moja. Mlango wa Majengo ni ndugu wa huo, na wote wawili hawamo katika orodha yoyote.

Kuviorodhesha si kazi ya gharama. Kinachotakiwa ni futi ya fundi, daftari, na ruhusa ya mwenye nyumba, ambayo huombwa barazani. Hupimwa upana wa mlango na kina cha baraza, huandikwa ni vyumba vingapi na nani hufagia ukumbi. Kisha, pembeni mwa mwimo, mahali pasipoonekana, hukwanguliwa rangi kwa ncha ya kisu, tabaka baada ya tabaka, na kuhesabiwa: buluu, kijani, kijani nyingine, hudhurungi, tena buluu. Chini kabisa, katika milango iliyo mikongwe ya kutosha, ubao ni mwembamba na mweupe, na huenda bado una herufi nyeusi za sanduku la mafuta ya taa.